Vijipunje vyeupe kwenye bua la mahindi

Swali: Nimepasua bua nikakuta funza aliyekufa, kando yake vijipunje vyeupe kama mchele. Ni mayai yake? Nichome? – Msomaji, Malindi

Jibu: Usichome! Ni vifuko vya nyigu wa Cotesia, waliomla funza kwa ndani. Vitie chupani, funika kwa kitambaa. Kifuniko cha plastiki huleta ukungu. Chini ya wiki watatoka nyigu weusi wa milimita 3 hivi. Pwani wapo wa aina mbili wanaofanana mno: Cotesia sesamiae wa asili, na Cotesia flavipes kutoka Asia, walioachiliwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1993. Rangi haisaidii, hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini. Hifadhi basi madume, vipapasio vyao ni virefu zaidi, katika spiriti ya asilimia 95. Fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, huharibu DNA (vinasaba). Lebo andika kwa penseli, wino huyeyuka.