Muulize Mzee wa Gereji: Tule wapi, gari zikichemka?

Swali: Mzee shikamoo. Mimi ndo mweka hazina wa kiklabu chetu cha magari ya zamani hapa Kampala, tuko na gari 11: Beetle nne, Peugeot 504 tatu, Datsun mbili, Morris Minor moja na Land Rover ya marehemu babu wa mwenzetu. Mwaka jana tulienda Jinja Jumapili na familia, kula pamoja tu na kupiga stori. Tulitoka saa nne, gari tatu zikachemka kwenye jamu ya Mukono, tukafika saa tisa, hoteli tuliyolipia bafe (jina naliacha) kuku wameisha na wali baridi. Alafu kuna mtu alikuja na watoto watano akalipa kama gari moja. Mpaka leo kwenye WhatsApp watu wanasalimiana kwa shida. Sasa wamenirushia tena mimi nipange. Na Waislamu tuko karibu nusu, wengine hawakugusa nyama kabisa. Nifanyeje? *Mweka Hazina Aliyechoka, Ntinda*

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Kosa lenu naliona hapo hapo: mlipanga safari kama watu wenye gari mpya, yaani endesha mpaka mwisho ndo mle. Gari ya mwaka 1972 haiendi hivyo bana, hiyo ni kama jajja (bibi) yako, anatembea kidogo anakaa, anakunywa maji, anainuka tena. Kwa hiyo usianze na hoteli. Anza na kujiuliza gari zitataka kupumzika wapi, ukishapajua, hapo ndo weka chakula.

Kampala mpaka Jinja ni kilomita 80 hivi, si mbali, kinachoua ni jamu ya Bweyogerere mpaka Mukono. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, na simaanishi saa kumi na mbili ya Kiganda ambayo ni saa mbili. Bila kifungua kinywa, chai tu kwenye thamosi. Mkishapita Mukono simameni Namawojjolo. Pale si unajua, hata hujazima injini ushazungukwa na vijana na koti zao, vijiti vya muchomo (nyama choma) vinaingia dirishani, gonja (ndizi ya kuchoma) ya moto, maji, soda, kila mmoja anakwambia yake ndo tamu. Sasa dirisha la Beetle lilivyo dogo, mwaka fulani nilipata kijiti cha maini kwenye shati jeupe na nilikuwa naenda harusini. Paki mbali na lami, watu washuke, mtu mmoja tu (wewe mwenye hela) ndo anunue kwa wote, bei itashuka na shati zitapona.

Wakati wengine wanakula gonja, bonneti zote juu. Hii ni muhimu kuliko nyama. Msizime gari papo hapo ikitoka kukimbia, iacheni ingurume taratibu dakika moja mbili, sababu ukizima ghafla joto lote linapanda kwenye karabureta, petroli inachemka humo ndani, alafu ukija kuwasha inagoma na unaanza kulaumu betri. Ikigoma, tambara lenye maji baridi juu ya pampu ya petroli, subiri, itawaka. Kifuniko cha rejeta mtu asikiguse ikiwa moto, nimeona uso wa mtu ulivyobabuka, sitaki kusimulia. Wenye Beetle watawacheka eti sisi hatuna maji ya kuchemka, injini yetu inapozwa na hewa. Waambie waangalie feni belti, maana kwao belti hiyo hiyo moja inazungusha feni na jenereta, ikikatika taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na hapo ni kusimama saa hiyo hiyo, si "tufike kwanza Lugazi". Kila Beetle ibebe belti ya spea, soko la spea la Kisekka zinapatikana.

Chakula kikubwa kiwe Jinja lakini achana na bafe. Pikeni luwombo (kitoweo cha kupikwa ndani ya jani la ndizi) nyumbani usiku, mbebe kwenye buti. Wanasema luwombo ulianza jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887, mimi sikuwepo, lakini aliyeubuni ni kama aliwajua watu wa klabu yenu: kila mtu na kifurushi chake, jani limefungwa, hakuna wa kuchota mara tatu wala wa kukuta kuku wameisha. Ukipangwa kwenye sufuria na majani ya ndizi juu na chini, alafu blanketi, unafika bado wa moto. Ukifungua lile jani, ule moshi wa jani lililobabuliwa na binyebwa (mchuzi wa karanga), hata yule asiyekusalimia atakusalimia. Wa kuku, wa uyoga kwa wasiokula nyama. Kuhusu halali usisumbue watu kuuliza uliza, nyama yote ya klabu inunuliwe na ipikwe nyumba ya Mwislamu mmoja wenu, basi, wote mnakula sufuria moja.

Hela: kila mdomo ulipe, si kila gari. Mtoto nusu, anayenyonya bure. Itumwe kwa simu kabla ya Alhamisi, ambaye hajatuma hajahesabiwa jani. Utaitwa mkali. Bora uitwe.

Kurudi, msitu wa Mabira kuna kivuli na hewa, simameni Najjembe mnunue kuku wa kubeba nyumbani, lakini muwe mmeondoka Jinja saa tisa, la sivyo ile jamu itawala tena, safari hii taa za 504 zikiwa hafifu na giza limeingia.

Swali: Mzee, sisi tukikaa mezani lazima ugomvi, Peugeot au Datsun nani ameshinda Safari Rally mara nyingi? Kuna kreti ya soda imewekewa. *Mwenye 504, Jinja*

Jibu: Wewe ndo umeweka kreti, naona. Peugeot ni sita: 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, alafu 504 mwaka 1975 na 1978. Datsun ni saba: 1970, 1971, 1973, na kuanzia 1979 mpaka 1982 bila kupumzika. Hizo nne za mwisho na ile ya 1973 zote ni za mtu mmoja, Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda. Nunua soda, na zangu ziwe za baridi.