Irabu ilitoka wapi? Majibu kwa wasomaji

Shikamoo mwalimu. Darasani tunafundishwa irabu, lakini kitabu changu cha ziada kinasema vokali. Kwenye mtihani niandike lipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Yote mawili ni sahihi, na sauti ni zilezile tano: a, e, i, o, u. Vokali lina asili ya Kilatini, irabu ni la Kiarabu. Shika moja hadi mwisho wa jibu. Mimi napendelea irabu, maana limekua pamoja na maandishi yetu.

Huko Uarabuni irabu lina maana hiyohiyo? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Katika sarufi ya Kiarabu, i'rab ni kubadilika kwa mwisho wa neno kufuatana na kazi yake katika sentensi. Kitabu kikiwa mtenda ni kitabun, kikitendwa ni kitaban, kikitanguliwa na kihusishi ni kitabin. Kitenzi chake, a'raba, ni kubainisha, kusema waziwazi. Mabadiliko hayo aghalabu huonyeshwa kwa vialama juu au chini ya herufi: fat-ha, kasra, dhumma.

Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu zamani sana; hati ya Utendi wa Tambuka, kutoka Pate, ni ya mwaka 1728. Wao wakaita vialama vyote irabu, hata vya katikati ya neno. Kisha jina likahama kutoka kwenye alama likaenda kwenye sauti. Kwa hiyo ustadhi wa madrasa anayesema "tia irabu" hakosei hata kidogo: anatumia maana iliyoitangulia ile ya darasani.

Alama tatu zilitoshaje sauti tano? (Msomaji, Mombasa)

Hazikutosha, na hapa ndipo nawastahi sana wasomaji wa zamani. Dhumma moja ilibeba o na u. Kasra ilibeba e na i. Shoka na shuka ziliandikwa sawasawa, msomaji akatambua kwa maneno ya jirani, na mwishoni mwa kipande cha utenzi akasaidiwa na kina. Baadaye wapo waliobuni alama za ziada za e na o.

Je, silabi yaweza kukosa irabu? (Mzazi, Kisumu)

Ndiyo. M ya mtu ni silabi kamili, vivyo hivyo n ya kwanza ya nne. Nazo w na y ni viyeyusho, yaani sauti zilizo kati ya irabu na konsonanti, si irabu.