Kadi ya bangi ya tiba safarini

SWALI: Kaka yangu yuko Arizona, Marekani, na ana kadi ya bangi ya tiba. Atapitia Hawaii, kisha aje nyumbani Mbeya. Kadi itamlinda? Msomaji, Uyole.

JIBU: Hawaii ndiyo, kwa masharti. Aombe mapema mtandaoni kadi ya mgeni, 329V, inayodumu siku 60. Ile ya Arizona iwe haijaisha muda. Akifika, anunue hukohuko. Wengi hunaswa hapa: wanabeba ya nyumbani. Kuivusha jimbo hadi jimbo ni kosa kwa sheria ya shirikisho, hata pande zote mbili zikiiruhusu.

Kwetu kadi hiyo ni plastiki tu. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haiitambui, na mafuta au peremende zenye bangi ni bangi vilevile. Apekue kila mfuko wa begi kabla ya kupanda ndege. Kichupa kilichosahaulika kwenye vipodozi kinatosha kumfikisha mahakamani.

Wiki kadhaa kabla, amwone daktari wake ampangie dawa mbadala, maana kuacha ghafla huweza kuleta kukosa usingizi na hasira. Hizo azibebe kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.