Usikimbilie VPS kwa gesti ya vyumba nane

Ndugu yangu, nimekuelewa, una gesti ya vyumba nane hapo Bagamoyo, unataka website ya picha na bei, na fundi anakwambia lazima ulipie VPS, aina mojawapo ya seva, zile kompyuta za kukodi zinazoweka website mtandaoni. Kwa kazi hiyo hapana. Chukua shared hosting, yaani seva moja mnagawana watu wengi, WordPress, programu ya kutengenezea website, inakaa humo vizuri tu na unalipa kwa mwaka. VPS unapewa kipande chako peke yako, lakini sasa kuisasisha na kuilinda kwa kawaida ni juu yako, we unayepokea wageni hadi saa sita usiku utaiweza saa ngapi?

Kinachoniuma zaidi ni domeini, yaani anwani ya website. Mimi nina duka la vitanda Tanga, fundi aliisajili .co.tz yangu kwa jina lake na imeili yake, akabadilisha namba ya simu nisimpate, siku ya kulipia ikapita, website ikazima na imeili za oda zikazima nayo. Nililia kweli. Kwa hiyo sajili mwenyewe, kwa imeili yako, paswedi ukae nazo wewe.

Kabla hujalipa waulize bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza huwa ya ofa, na bakapu, yaani nakala ya akiba ya website, wanachukua kila lini. SSL, ile inayoficha taarifa zinazopita kati ya mgeni na website, usiuziwe kando, Let's Encrypt wanaitoa bure.

Ila ukitaka wageni walipie kwa kadi humo humo, hapo tafuta mtaalamu, usijaribu mwenyewe.