Mchezo Wako Usiupime kwa Wingi wa Saa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mwanza ambaye anatengeneza mchezo wake wa kwanza wa video, unaohusu mvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria. "Kaka, shikamoo," aliandika, "mchezo wangu kwa sasa unamalizika ndani ya saa mbili, na nimepanga kuongeza visiwa kumi ili ufikie saa kumi na tano, maana naogopa watu watauona mdogo. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimewahi kuulizwa na watu wenye pesa, na nilivyowajibu kulinigharimu.

Wanaonifuatilia wanaufahamu mchezo wangu wa konda wa daladala. Mchezaji yumo ndani ya basi lililojaa, anadai nauli huku gari likiyumba, na anatakiwa kukumbuka nani amelipa, nani bado, na nani anajifanya amesinzia. Katika njia ya kwanza kazi ni kukumbuka sura tu. Katika njia ya pili inaingia chenji: abiria wa kwanza asubuhi anakupa noti ya shilingi elfu kumi, nawe huna hata sarafu ya mia. Katika njia ya tatu mvua inanyesha, foleni haisogei, watu wanashuka na kupanda bila mpangilio, na kila ulichokikariri kinavurugika. Hapo mchezo unakwisha, takriban saa moja na nusu tangu ulipoanza.

Mchapishaji mmoja wa nje, yaani kampuni inayogharamia na kuuza michezo ya watengenezaji, aliupenda. Tulizungumza kwa video, wakacheka walipomwona yule mama anayeapa kwamba ameshalipa, na mazungumzo yakawa matamu mpaka mmoja wao alipouliza mchezo una urefu gani. Nilipotaja saa moja na nusu, uso wake ulibadilika. Walitaka saa nane. Waliona jambo hilo ni rahisi: niongeze njia za Tegeta, Mbezi na Gongo la Mboto, nibadilishe rangi za mabasi, kazi imekwisha. Nilikataa, nao wakaondoka. Barua pepe yao ya mwisho, ambayo bado ninayo, iliuita mchezo wangu "sampuli nzuri". Sitajifanya kwamba neno hilo limeacha kuniuma, ingawa mwezi uliopita mchezo umevuka mauzo niliyokuwa nimewaahidi watu wale wale.

Sikukataa kwa kiburi. Kabla ya kuwajibu nilitengeneza njia moja ya ziada kwa namna waliyoitaka, nikachukua kompyuta yangu hadi kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu. Vijana wa pale hulipia kwa mechi, kwa hiyo hawana adabu ya kuvumilia kitu kinachowachosha. Katika njia ya tatu walikuwa wamesimama, wanamfokea abiria wa kwenye skrini kana kwamba amewaibia wao. Katika njia ya nne, ile ya nyongeza, kijana aliyekuwa anacheza aliilaza padi mapajani na kuuliza kama kuna mtu mwenye bando amrushie. Hakusema mchezo ni mbaya, wala hakuwa na haja ya kusema. Nilikuwa nimefanya kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi ili wageni watoshe, na wageni walikuwa wameonja.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike: urefu wa mchezo unaamuliwa na idadi ya mambo mapya ambayo kanuni yako kuu, yaani kile kitendo mchezaji anachokirudia mchezo mzima, inaweza kuzaa. Tazama Portal, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2007. Mzizi wake ni mradi wa wanafunzi wa chuo cha DigiPen uitwao Narbacular Drop. Valve waliona wazo hilo la milango miwili inayounganisha sehemu mbili za mbali, wakawaajiri waliolibuni. Watu wengi huimaliza kwa saa tatu au nne. Chumba kimoja kinakufundisha kwamba mlango unaweza kuwa sakafuni, kinachofuata kinakufundisha kwamba kasi ya kuanguka kwako haipotei unapotokea upande wa pili, na kila somo jipya linategemea lile lililotangulia. Wangeweza kurudia vyumba vile mara tano kwa rangi tofauti, lakini hawakufanya hivyo, na hadi leo walimu wa fani hii wanaitolea mfano. Vivyo hivyo Journey ya mwaka 2012, ambayo mtu huimaliza kwa saa mbili hivi, ilitwaa tuzo ya mchezo wa mwaka katika D.I.C.E., tuzo za kila mwaka za michezo ya video, mwaka uliofuata.

Urefu wenyewe si dhambi. The Witcher 3 ya mwaka 2015 inachukua makumi ya saa, na bado kazi nyingi za pembeni zina kisa chake, watu wake na uamuzi unaokusumbua baadaye. Lakini ile ni kazi ya mamia ya watu waliolipwa kwa miaka kadhaa, na wewe uko peke yako na kompyuta moja na umeme unaokatika. Hata wakubwa wakijisifia saa hawapigiwi makofi siku zote. Januari 2022 kampuni ya Techland walitangaza kwamba kumaliza kila kitu ndani ya mchezo wao Dying Light 2 kungehitaji saa 500, na wachezaji wengi walilalamika badala ya kufurahi, hadi kampuni ikalazimika kueleza kwamba kisa kikuu kingechukua takriban saa 20 tu.

Ufupi una hatari yake pia, na nisipoisema nitakuwa nimekudanganya. Tangu mwaka 2015 Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, humrejeshea mnunuzi pesa akiomba ndani ya siku 14, mradi hajacheza zaidi ya saa 2. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuumaliza mchezo wako wote, akaufurahia, kisha akachukua pesa zake. Mwaka 2021 mtengenezaji anayetumia jina la Emika Games alitangaza kuacha kazi hii kwa muda usiojulikana, kwa sababu hiyo hasa: mchezo wake Summer of '58 haukufika saa 2, na wengi walirudishiwa pesa ingawa maoni yao yalikuwa mazuri. Hata hivyo, kuongeza dakika za kuzunguka bure ili kuukwepa utaratibu huo ni kumwadhibu mnunuzi mwaminifu kwa kosa la mwingine. Mimi niliandika urefu wa mchezo waziwazi kwenye ukurasa wa mauzo na kuweka bei inayolingana nao.

Sasa turudi kwenye visiwa vyako kumi. Chukua karatasi, na mbele ya kila kisiwa andika jambo moja ambalo mchezaji atalazimika kulifanya kwa namna ambayo hajawahi kuifanya. Kisiwa kikikosa jambo hilo, kifute, hata kama umekichora vizuri. Acha kuhesabu saa. Hesabu mambo mapya. Wewe mwenyewe unajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa mwanga wa taa. Basi kisiwa ambako mwezi umepevuka na taa hazivuti kitu, au ambako boti jirani lina taa kali kuliko zako na linakuibia samaki, kina haki ya kuwepo. Ukipata visiwa vitatu vya namna hiyo, una mchezo wa saa tatu. Tengeneza hivyo vitatu, kisha unitumie niujaribu pale kibandani.