Sportster ya 1979 na ya 1995: je, injini ni ileile?

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio, na ninatafuta Harley-Davidson Sportster iliyotumika ambayo nitaweza kuihudumia mwenyewe nyumbani. Nimeonyeshwa mbili: moja ya mwaka 1979 yenye injini ya cc 1000, na nyingine ya 1995 yenye cc 883. Muuzaji wa ile ya kwanza ananiambia kwamba injini ya Sportster haijabadilika tangu 1957, kwa hiyo nisihofu umri wake. Rafiki yangu naye anasema kwamba Sportster za leo hazina uhusiano wowote na zile za zamani isipokuwa jina. Nani anasema kweli, na mimi nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wao ameshika sehemu ya ukweli. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu pikipiki zinazouzwa kwa jina hilo kuanzia 2021. Muuzaji naye yuko sahihi kuhusu mpangilio wa ndani kabisa wa injini, lakini mpangilio huo sio utakaoamua ni mara ngapi utashika spana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pikipiki za Kiingereza kama Triumph, BSA na Norton ziliingia Marekani zikiwa nyepesi na za kasi kuliko zile zilizokuwa zikitengenezwa Milwaukee, mji wa Harley-Davidson. Harley-Davidson walijibu mwaka 1952 kwa Model K, ambayo injini na giaboksi yake vilikaa ndani ya kasha moja, klachi ilikuwa ya mkono, gia zilikuwa za mguu, na gurudumu la nyuma lilikuwa na shokapu, jambo ambalo Harley kubwa zilingoja hadi 1958 kulipata. Udhaifu wake ulikuwa valvu zilizokaa ubavuni mwa silinda, ambazo huifanya hewa izunguke kona kabla ya kufika juu ya pistoni. Mwaka 1954 kiwanda kilijaribu kuongeza nguvu kwa kurefusha mwendo wa pistoni hadi karibu milimita 116, na injini ikafika takriban cc 883, lakini pistoni inayosafiri umbali mrefu hivyo haiwezi kuzungushwa haraka bila kujichosha.

Sportster ya kwanza, iliyopewa herufi XL mwaka 1957, ilitatua jambo hilo kwa namna ninayoiheshimu hadi leo. Ujazo ulibaki karibu uleule, lakini silinda ilipanuliwa hadi kipenyo cha milimita 76.2, mwendo wa pistoni ukafupishwa hadi milimita 96.8, na valvu zikahamishiwa juu, ambako kipenyo kipya kiliziachia nafasi ya kuwa kubwa zaidi. Kipimo hicho cha milimita 96.8 ndicho ninachokuomba ukikumbuke. Injini ya cc 1000 iliyokuja 1972, za cc 883 na 1100 za 1986, na ya cc 1200 ya 1988, zote zina mwendo uleule wa pistoni. Kilichotofautisha ujazo wao ni upana wa silinda peke yake. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye 883 iliyotengenezwa kuanzia 1986 anaweza kuigeuza kuwa 1200 kwa kubadilisha silinda na pistoni, pasipo kugusa krenkshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni.

Mambo mengine mawili yalidumu sambamba na kipimo hicho. La kwanza ni kwamba silinda mbili zimepangwa kwa pembe ya nyuzi 45 na konrodi zote mbili, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkshafti, zimeshikwa na pini moja ya krenkshafti, hivyo kati ya mlipuko mmoja na unaofuata krenkshafti huzunguka nyuzi 315, kisha 405, na mwachano huo usio sawa ndio unaoleta ule mngurumo wa kurukaruka. La pili, ambalo mafundi hulithamini zaidi, ni kamshafti (mihimili yenye vinundu vya kufungulia valvu) nne fupi, moja kwa kila valvu, zinazoendeshwa na meno ya gia badala ya cheni, wakati Harley kubwa za enzi hizo zilitegemea kamshafti moja tu. Kila valvu ikiwa na kamshafti yake, fito za kusukumia valvu husimama karibu wima, na mtu wa mashindano anaweza kubadilisha tabia ya injini bila kuivunja yote. Juu ya mpangilio huo ilijengwa pikipiki ya mashindano ya XR-750 ya mwaka 1970, ambayo baada ya kupewa silinda za aluminiamu mwaka 1972 ilitawala mbio za njia za udongo za Marekani kwa miongo kadhaa.

Basi, kama kiini kilikuwa kimoja, kwa nini umri una maana? Kwa sababu karibu kila kitu kinachokizunguka kiini hicho kilibadilishwa. Stata ya umeme iliingia 1967. Pedali ya gia ilihamishwa kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto mwaka 1975, kwa kanuni ya serikali ya Marekani. Jenereta iliachwa katikati ya 1984, na altaneta ikachukua nafasi yake. Mabadiliko hayo yalikuwa madogo ukiyalinganisha na ya 1986, wakati injini iliyoitwa Evolution ilipowekwa.

Hadi 1985, silinda na silinda hedi za Sportster zilikuwa za chuma cha kusubu, na ndiyo maana waendeshaji huziita Ironhead. Chuma cha namna hiyo ni imara, lakini hutoa joto polepole, na zaidi ya hapo hakitanuki kwa kiwango kimoja na kasha la aluminiamu linalokibeba, kwa hiyo kadiri injini inavyopata moto na kupoa, gasketi huvutwa huku na huku na oili huanza kutoka. Evolution ilifanya silinda na hedi zote kuwa za aluminiamu, ikazifunga kwa boliti ndefu zinazopita kutoka kwenye hedi hadi kwenye kasha, ili vipande vyote vikazwe kwa pamoja. Tena, tapeti zake, yaani vipande vinavyokaa kati ya kamshafti na fito za valvu, hujirekebisha zenyewe kwa shinikizo la oili, ilhali kwenye Ironhead utalazimika kuziseti kwa mkono kila baada ya muda. Bei ya 883 ilipotoka ilikuwa dola 3,995, na kwa bei hiyo mnunuzi alipata mashine ambayo fundi makini wa nyumbani anaweza kuitunza kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uchukue ile ya 1995. Ina gia tano, zilizoanza 1991, na inaendesha gurudumu la nyuma kwa mkanda, ambao hauhitaji kupakwa oili wala kukazwa mara kwa mara kama cheni. Bado inatumia kabureta, kwani mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta ulikuja 2007, na kwa anayejifunza kabureta ni rahisi kuielewa. Itatetemeka zaidi ya zile za 2004 na kuendelea, ambazo injini imewekwa juu ya raba, lakini ni nyepesi kuliko hizo. Utaihudumia kwa oili mbili tofauti: ya injini, inayokaa kwenye tangi lake la pembeni, na ile inayotumiwa kwa pamoja na giaboksi na klachi.

Ina kasoro moja ambayo ni lazima uijue kabla ya kulipa. Sportster za 1991 hadi 2003 hazina mlango wa kutolea giaboksi, na gia ikiharibika itabidi injini yote ishushwe na kasha litenganishwe katika nusu zake mbili. Ijaribu barabarani, upite gia zote tano kupanda na kushuka, na uiache kama kuna gia inayoruka au kutoa kelele ambayo nyingine hazina.

Hizo mpya alizozitaja rafiki yako, yaani Sportster S ya 2021 na Nightster ya 2022, zina injini inayopozwa kwa maji yenye pembe ya nyuzi 60 na kamshafti mbili juu ya kila silinda, na injini yenyewe ndiyo sehemu kuu ya fremu. Hata mwendo wa pistoni ni mwingine. Sportster za zamani, za kupozwa kwa hewa, zilikoma kuuzwa Ulaya mwishoni mwa 2020 kwa sababu ya kanuni za moshi, na Marekani zikaendelea hadi 2022.

Ikiwa moyo wako umeshaipenda ile ya 1979, sitakukataza, ila ujue kwamba iliundwa wakati kampuni ikimilikiwa na AMF, kampuni nyingine ya Marekani, kati ya 1969 na 1981, kipindi ambacho ubora wa uundaji ulilalamikiwa sana. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uangalie kiwango cha oili kwenye tangi ingali baridi. Kikiwa chini sana, yaelekea oili imepenya kwenye pampu na kujaa ndani ya kasha la krenkshafti wakati pikipiki imesimama, na ikiwashwa hivyo itaitapika kupitia bomba la kupumulia. Kosa hilo hutengenezeka, lakini gharama yake ipunguzwe kwenye bei.