Maswali yenu: Zürich 1443 na akina St. Jakob wawili

Makala yangu ya mapigano ya 22 Julai 1443, ambapo Shirikisho la Waswisi (muungano wa majimbo ya Uswisi) liliushinda mji mwanachama wake, Zürich, nje ya kuta zake, imeleta maswali. Nayajibu machache.

Waswisi kwa Waswisi waligombea nini?

Mirathi. Friedrich VII, bwana wa Toggenburg, alifariki 1436 bila mtoto wala wosia, na ardhi yake ikatamaniwa na Zürich na pia Schwyz, jimbo lingine la Shirikisho. Zürich, chini ya meya Rudolf Stüssi, ikawafungia wenzao njia ya nafaka. Iliposhindwa, mwaka 1442 ikaungana na ukoo wa Habsburg, mahasimu wa tangu zamani wa Shirikisho. Ugomvi wa mashamba ukageuka usaliti.

Kwa nini Zürich hawakubaki ndani ya ukuta?

Hata mimi nawashangaa! Walitoka, wakapambana ng'ambo ya mto Sihl, karibu na kanisa dogo la St. Jakob (Mtakatifu Yakobo), wakazidiwa na kukimbilia mjini adui akiwa visigino mwao. Stüssi aliuawa darajani. Simulizi humweka pale na shoka, peke yake dhidi ya kundi zima. Mimi huzipunguza kidogo simulizi za namna hiyo. Mwaka uliofuata mji ulizingirwa, wakakaa ndani, na ukuta ukawatosha.

Nimesoma kuwa St. Jakob Waswisi walikufa karibu wote. Mbona wewe unasema walishinda?

Umechanganya mahali pawili, na si wewe tu. Hiyo ni St. Jakob ya mto Birs, nje ya Basel, 26 Agosti 1444, vita vilevile. Wanaume kama 1,500 wa Shirikisho walilivamia jeshi kubwa mno la mamluki wa Ufaransa, likiongozwa na mwana wa mfalme, baadaye Louis XI. Waliosalia walijifungia katika nyumba ya wakoma, mizinga ikawafuata humo. Karibu wote waliangamia. Hata hivyo Louis hakusonga mbele. Oktoba akafanya amani na Shirikisho huko Ensisheim.

Jina moja, miji miwili. Ni bahati tu?

Si bahati sana. Kote kuwili palikuwa na nyumba ya wakoma. Wagonjwa hao hawakuruhusiwa kuishi mjini, hivyo waliwekwa nje ya kuta, kando ya barabara kuu, ambako wapita njia wangeweza kuwapa sadaka. Yakobo ni mtakatifu wa mahujaji, watu wa njiani, ndiyo maana jina lake likafaa mahali hapo. Na jeshi linaloujia mji hupita barabara hiyohiyo.